Kijiko cha Ukutani

Kijiko nilichokichora mwaka 1997 kilikuwa na urefu wa mkono wa mtoto. Nilikikuza makusudi, ili hata mtu aliyesimama mlangoni akione. Nilikitia mng'ao mweupe tumboni, nikakiwekea kivuli cha buluu chini yake, na siku kilipotoka mtamboni, kimechapwa kwa rangi nne kwenye karatasi nzito, nilikishika kama mzazi anavyoshika cheti cha mwanawe. Lilikuwa bango la kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari ya kumnywesha mtoto anayeharisha. Kipindupindu kilikuwa kimeenea mikoa mingi ya Tanzania mwaka ule, na ofisi niliyokuwa nikiichorea ilitaka kila zahanati ya pwani ipate nakala yake kabla ya mvua za vuli.

Wiki chache baadaye nilitumwa kuzizungukia zahanati hizo. Katika kijiji kimoja cha wavuvi upande wa Pangani, nesi alinipokea, akanikaribisha maji ya kunywa, kisha akanipeleka mpaka lilipobandikwa bango langu, juu ya benchi la wagonjwa. Sifa niliyokuwa nikiitegemea sikuisikia. Alinionyesha mama mmoja aliyeketi pembeni na mtoto wa miezi kama minane mapajani, akasema, "Huyu alifanya ulivyomchorea."

Yule mama alikuwa amelitazama bango langu kwa makini kuliko mtu yeyote niliyemjua. Aliona kijiko kikubwa, na nyumbani kwake kijiko kikubwa kilikuwepo, kile cha kupakulia mchuzi. Akapima nusu ya hicho cha chumvi. Mtoto akatema, akawekewa tena, akatema tena, mpaka mama akaonja mwenyewe. Maji yalikuwa kama ya bahari. Akayamwaga, akambeba mtoto, akaja kuuliza.

"Nilipima vile vile, kaka," aliniambia, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaibisha mgeni.

Kipimo chenyewe ni rahisi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi ikizidi, maji yale yale yaliyokusudiwa kumwokoa mtoto humkausha zaidi. Chini ya picha yangu nilikuwa nimeandika "kijiko cha chai", kwa herufi nyeusi, ndogo, zilizonyooka. Nilisimama pale nikizitazama zile herufi, na kwa mara ya kwanza nikaona zilivyokuwa mbali na mtu aliyeketi kwenye benchi akimtuliza mtoto anayelia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimefundishwa. Nililelewa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, na nikiwa na miaka kumi na minne mjomba alinichukua kwenye kibanda chake cha kuchora vibao. Tulichora juu ya plaiwudi, juu ya bati, juu ya hadubodi, wakati mwingine moja kwa moja ukutani. Kazi yangu mwaka wa kwanza ilikuwa kupiga msasa, kuosha brashi kwa mafuta ya taa, na kushika ncha ya uzi uliopakwa chaki huku mjomba akiuvuta na kuuachia ili uache mstari mnyoofu wa kupangia herufi. Herufi zenyewe alinifundisha kuzipima kwa jicho, maana rula hudanganya: ukiacha nafasi sawasawa kati ya A na V na kati ya H na N, neno linaonekana limeng'oka meno.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa neno moja: "Vuka." Kibao kikikaribia kuisha alinituma ng'ambo ya barabara, nirudi nikipita upesi kama mtu mwenye shughuli zake, kisha nimwambie nilichosoma. Nikisimama kusoma, alinirudisha. "Mteja hasimami," alikuwa akisema. "Yeye anapita, ana mzigo, ana deni, ana jua kichwani. Ukimpa maneno kumi atachukua mawili, tena siyo yale uliyoyataka." Basi tulikuza jina la duka, tukapunguza mengine, na kitu kimoja tu tulikichora kikubwa kuliko kilivyo: kiatu, soseji, taya lenye meno meupe kwa mganga wa meno.

Vibao vya vinyozi ndivyo nilivyovipenda kuliko vyote. Kichwa cha kwanza panki, cha pili kipara, cha tatu kimenyolewa pembeni tu, kila kimoja na namba yake. Kutoka mbali, kibao kile kilisema hapa pana kinyozi. Ukishakaa kitini kinabadilika kazi, kinakuwa orodha ya bei na mkalimani kwa pamoja: kijana aliyetoka bara, Kiswahili chake bado kizito, ananyoosha kidole tu kwenye kichwa cha tatu. Mjomba alivichora vichwa hivyo kwa brashi nyembamba mno, hata alama ya wembe shingoni ilionekana, kwa sababu alijua vitatazamwa kwa karibu na mtu mwenye nafasi ya kutazama, tena mwenye wasiwasi na kichwa chake.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa la kijiko. Nilichukua sheria ya kibao cha barabarani nikaipeleka zahanati. Barabarani mtu anapita, kwa hiyo unakuza. Kwenye benchi la zahanati mtu anakaa saa mbili, uso wake mita moja na nusu kutoka ukutani. Ana muda wa kuhesabu nyufa za plasta. Hakuhitaji kijiko kikubwa hata kidogo. Alihitaji kijiko chenye ukubwa wa kijiko.

Nimewasikia wengi wakisema picha ni lugha ya watu wote, kwamba ukichora vizuri kila mtu ataelewa. Mimi siamini tena. Picha ni nusu ya maneno. Nusu nyingine iko kwa anayetazama, na chombo kinachoibeba picha, kiwe kibao, kanga, gazeti, bango au simu, ndicho kinachoamua mtazamaji atakuwa umbali gani, atakuwa na muda kiasi gani, na nani atakuwa pembeni yake kumsaidia kuijaza ile nusu. Mchoraji anayejua rangi na asijue hayo matatu bado hajaijua kazi.

Kuhusu kanga, mwalimu wangu alikuwa bibi, mzaa mama. Alinipeleka naye sokoni kila alipotaka kununua doti, na mwanzoni nilidhani ananipeleka nimbebee. Muuzaji alitandaza. Bibi alitazama pindo kwanza, akiwa bado hatua mbili tatu nyuma. Likimpendeza alisogea, akautazama mji, ile picha ya katikati, iwe embe, iwe korosho, iwe jogoo. Akashika kitambaa kati ya vidole viwili kujua kama rangi itachuja. Mwisho kabisa aliniita. "Njoo unisomee jina, mjukuu wangu. Nisije nikavaa ugomvi wa watu."

Nilisoma. Mara nyingine alicheka, akalipa. Mara nyingine aliirudisha kanga mikononi mwa muuzaji upesi, kama kitu cha moto, kwa sababu jina lile mtaani kwetu lingekuwa limemlenga mtu fulani, na mtu huyo ni jirani, na jirani huyo ndiye tuliyekuwa tukimwazima kinu. Kanga husomwa kwa hatua hivyo hivyo hata ikishavaliwa. Rangi unaiona mwanamke anapokuja, mji unauona akikaribia, na jina unalisoma akishakupita, maana liko nyuma, chini kidogo ya kiuno. Anayesema ameshakupa mgongo. Huwezi kumjibu papo hapo, wala hawezi kushtakiwa kwamba amesema. Sijaona chombo kingine cha mawasiliano chenye adabu na ukali kwa pamoja kama hicho.

Kwa miaka mingi nilidhani bibi hajui kusoma. Nilikuwa kijana mzima nilipomkuta chumbani akisoma barua ya zamani ya marehemu mumewe, kwa sauti ya chini, bila kukwama. Ilikuwa ya Kiswahili, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, zile alizofundishwa chuoni akiwa msichana. Kanga za mwanzo mwanzo zilizotiwa maneno ziliandikwa kwa herufi hizo hizo. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo hadi leo kanga zake zina alama ya "Mali ya Abdulla", ilianza Mombasa mwaka 1887, na wanawake wa pwani waliozisoma kanga zile za mwanzo hawakuhitaji mjukuu wa kuwasomea. Baadaye herufi za Kirumi zikashika nafasi. Bibi alibaki palepale na elimu yake, herufi ndizo zilizomhama.

Nilimkumbuka bibi nikiwa nimesimama mbele ya mama yule wa Pangani. Sikumuuliza kama anajua kusoma. Yawezekana alihitimu Kurani kabla mimi sijajua kushika brashi.

Ofisini kwetu lilikuwepo neno ambalo nilikuwa nikilitumia na mimi: "hawaelewi". Bango likishindwa, hawaelewi. Neno hilo lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo iko karibu sana na kwetu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika, wakazizungusha kwa lori vijijini. Picha zilikuwa za kimya, na maelezo yaliwekwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali. Katika fikra za wakati ule, na hata miaka mingi baadaye, wapo walioandika kwamba akili ya Mwafrika haishiki picha ikienda haraka, kwamba afundishwe taratibu kama mtoto. Linanichukiza jambo hilo hadi leo. Hakuna binadamu anayezaliwa anajua kusoma picha. Yule aliyekulia kwenye magazeti amejifunza kwamba mistari midogo nyuma ya gari maana yake gari linakwenda kasi, kwamba kichwa kilichokatwa shingoni kwenye noti ya pesa hakimaanishi mtu amechinjwa. Amejifunza bila kujua kwamba amejifunza, kisha anamshangaa mwingine aliyejifunza mambo mengine. Wavuvi wa kijiji kile walitambua jahazi la nani linaingia kwa umbo la tanga tu, likiwa bado ni doa kwenye upeo wa macho. Mimi sikuliona hata doa.

Nilirudi kijijini bila rangi, nikiwa na daftari, penseli na kifutio. Nesi aliwaita akina mama kumi na mmoja, tukakaa chini ya mkungu nyuma ya zahanati. Nilijieleza kwamba nimekuja kuchora upya na kwamba nitachora wanavyoniambia wao. Walinyamaza kwa muda mrefu. Ndipo ajuza mmoja, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa, akaniomba bango la kwanza, akalitazama, akaweka kidole juu ya vichuguu viwili nilivyochora kando ya kijiko.

"Hii nini?"

"Sukari, bibi. Na hii chumvi."

"Zote nyeupe."

Zilikuwa nyeupe zote mbili kweli. Nilikuwa nimezitofautisha kwa maandishi tu. Nikasema labda nichore pakiti. Wakacheka: sukari wanapimiwa dukani kwenye karatasi, chumvi nayo hivyo hivyo. Nikasema nipake sukari rangi ya kahawia kidogo. Mmoja akasema atadhani ni ngano mbovu. Bi Mkubwa akaniacha nihangaike, kisha akasema, "Weka sisimizi."

Nilichora sisimizi watano wakiiendea sukari kwa msururu, na kwenye chumvi sikuweka hata mmoja. Daftari lilipita mkono kwa mkono. Hakuna aliyeuliza tena ipi ni ipi. Miaka mingi nimekaa na wachoraji waliosoma vyuo vikubwa, na sijawahi kuona suluhisho safi kuliko wale sisimizi watano.

Kijiko walikimaliza upesi. Mama mmoja alitoka, akarudi na kijiko cha chai kutoka kwake, akakilaza kwenye karatasi, akanishikia nikizungushia penseli. Ukubwa ule ule, hakuna cha kukuza wala kupunguza, na chumvi imesawazishwa isipite ukingo.

Kwa lita moja nilileta wazo langu mwenyewe, nikijivunia. Chupa mbili za bia, kila moja nusu lita, hesabu kamili. Chupa ile kila mtu anaijua. Nilikuwa nimeanza kuichora mzee mmoja alipopita akitoka msikitini, akatusalimu, akainama kutazama. "Chupa hiyo imeingiaje kwenye dawa ya mtoto?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Wanawake waliinamisha macho. Wote walikuwa wameifahamu chupa tangu mstari wa kwanza, na kwa heshima hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunieleza.

Kitu kilichochorwa hakiji peke yake, huja na jamaa zake. Bibi alikuwa akinisimulia uchaguzi wa 1965, wa kwanza baada ya Muungano, ambapo wagombea wawili wa kila jimbo walipewa alama badala ya kutegemea majina, mmoja jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma apige kura. Alama zilichaguliwa zisiwe na ubaya wowote. Lakini kampeni zilipoanza, mwenye jembe alisema bila jembe mtakula nini, na mwenye nyumba akasema ukishalima jua likizama unalala wapi. Na wenzetu wa Kenya, katika kura ya maoni ya mwaka 2005, walipewa ndizi ya kukubali rasimu ya katiba na chungwa la kuikataa. Chungwa likashinda, na halikurudi tena gengeni kuwa tunda tu. Likawa jina la chama cha siasa.

Tuliishia kwenye chupa tatu za soda. Nesi alizijaza maji, akazimimina kwenye jagi lake lenye alama, zikaikaribia lita kiasi cha kumridhisha.

Likabaki jambo moja. Nesi alisema lazima mama aonje kabla ya kumpa mtoto, na kipimo cha kuonja ni machozi: maji yasizidi machozi kwa chumvi. Kipimo kizuri mno, maana kila mtu amekwisha kuyaonja machozi yake. Nilichora uso wa mwanamke, chozi linashuka shavuni, ulimi unaligusa. Nilichora kwa uangalifu wote nilionao.

"Huyu kafiwa na nani?" mama mmoja aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya pole ya kweli.

Nilichora mara tatu. Mara zote tatu alikuwa amefiwa. Ladha haichoreki. Nilichana ukurasa, nikaelewa kwamba hapo kazi ya penseli imekwisha na inatakiwa kazi ya mdomo.

Ndivyo nilivyokuja kukipenda chombo ambacho wasanii wengi hukidharau: bango kitita. Zile karatasi kubwa zilizofungwa pamoja juu, zinazofunuliwa moja moja na kugeuzwa nyuma. Upande wanaouona watu kuna picha moja tu, kubwa, isiyo na maneno. Upande anaouona mzungumzaji kuna maelezo yake: sema hivi, uliza hivi, subiri wajibu. Halina fahari ya bango la ukutani wala halipigwi picha na wakubwa wanaokuja kuzindua miradi. Lakini limejengwa likijua kwamba pana mtu wa kuongea, na kwamba watu wanaotazama wamekaa pamoja, anayeelewa atamweleza mwenzake. Kule nyuma ya karatasi ya nne, kwa mkono wangu, niliandika habari ya machozi.

Wakubwa wetu wa zamani walilijua hilo kabla yangu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, nilipokuwa mtoto wa miaka saba, ilitegemea redio, na redio haina picha kabisa. Lakini watu wapatao milioni mbili nchini hawakuachwa na redio peke yake. Walikaa kwa vikundi, na vijitabu, na kiongozi wa kikundi, wakasikiliza, wakasomewa, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Nakumbuka watu wazima wa mtaani kwetu wamelizunguka redio la mkulima juu ya kigoda, mmoja ameshika kijitabu wazi akiuzungusha ukurasa wenye picha kwenye duara, kila mtu ausogelee. Sauti ilitoka Dar es Salaam, picha ilikuwa mkononi, na ubishi ulikuwa wa pale pale. Vitu vitatu, kila kimoja kikifanya ambacho mwenzake hawezi.

Ninapofundisha vijana sasa, siku ya kwanza hatuwashi kompyuta. Nawapeleka kituo cha daladala, Dar es Salaam, saa ya watu kutoka makazini, nawaambia wamtazame abiria, wasilitazame gari. Macho yake huanza na mkanda wa rangi uliopigwa ubavuni mwa gari, ambao unaonekana hata gari likiwa limefichwa nusu na lori. Rangi ikimfaa, anasogea na kutazama maandishi ya njia yaliyo usoni mwa gari. Kabla hajayamaliza, konda ameshamwita kwa sauti. Nawauliza wanafunzi kipi kati ya vitatu wangekiondoa. Huanza kubishana, na ubishi wenyewe ndio somo.

Wengi wao ni hodari kuliko nilivyokuwa mimi. Tatizo lao ni kioo. Wanabuni bango la ukutani huku wakilitazama kwenye kioo cha kompyuta, kisha mteja analituma kwenye WhatsApp, linafika kwenye simu ya mama likiwa na upana wa kiganja, herufi zimegeuka mchanga. Tena picha ya simu husafiri bila mwenyewe. Bango la zahanati lina nesi chini yake, kanga ina mvaaji, gazeti lililotundikwa kibandani lina wasomaji wanaobishania katuni ya siku hiyo. Picha ya simu inatumwa, inatumwa tena, inafika usiku kwa mtu aliye peke yake, na aliyeichora hayupo, wala aliyemtumia hajui ilikotoka. Nimeona watu wakijitibia tatizo hilo wenyewe: wanatuma picha, na papo hapo chini yake wanatuma sauti yao wakiieleza. Hakuna aliyewafundisha. Nawaambia wanafunzi wangu waichukue sauti ile kama sehemu ya kazi yao, waiandike kabla hawajachagua rangi.

Mwaka 2009 nilipita tena Pangani kwa shughuli nyingine, nikaomba dereva akate kona kuelekea kijiji kile. Nesi niliyemjua alikuwa amehamishwa. Alikuwepo binti mdogo, nilimpa jina langu na halikumwambia kitu, na mimi sikulitilia mkazo. Bango la mara ya pili lilikuwa bado ukutani juu ya benchi. Jua la dirishani lilikuwa limekula nyekundu yote, chupa za soda zimebaki kijivu. Sisimizi walikuwepo, wote watano.

Kando ya kijiko nilichokichora, kile cha ukubwa halisi, mtu alikuwa amepiga msumari, na kwenye msumari huo palikuwa pananing'inia kijiko cha chai chenyewe, cha bati, kimefungwa kwa uzi wa nyavu. Mpini wake ulikuwa umepauka kwa kushikwa. Nikamuuliza binti nani alikiweka.

"Nilikikuta," alisema. "Wakija nawapa wakishike kwanza, halafu ndiyo nawaonyesha picha."

Alikishusha, akanipa. Nilikilaza juu ya mchoro wangu. Kilikuwa kifupi kidogo, kama unene wa ukucha.